Mtu Mzima, Mkristo

Hapa Tanzania mstari wa kwanza wa hati ya kiapo karibu ni ule ule katika kila shauri. Mtu hutaja jina lake, kisha husema kwamba yeye ni mtu mzima, Mkristo au Mwislamu, mkazi wa mahali fulani, na kwamba anaapa na kueleza kama ifuatavyo. Zinafuata aya zenye namba, na kila aya huanza na neno "Kwamba". Nilikuwa na miaka 52 nilipoandikiwa hati ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Neno lile "Mkristo" nililipita haraka, kama mtu anavyopita kibao cha njiani kilichoandikwa jina la kijiji chake mwenyewe.

Shauri lilihusu watoto wa mdogo wangu. Mambo machache nimeyabadilisha ili watoto wasitambulike, lakini kosa ninalolieleza ni langu na sikulibadilisha.

Mdogo wangu na mkewe walikuwa na watoto wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 5. Mwezi Machi, baada ya ugomvi wa siku kadhaa, mdogo wangu alimwambia mkewe aende kwao Singida akapumzike kidogo, watoto wabaki Moshi wasije wakakosa shule. Wifi yangu akapanda basi na begi moja. Mimi ni mjane, na wakati huo nilikuwa nikiishi kwa mdogo wangu, kwa hiyo malezi yakaniangukia mimi. Tulidhani ni wiki mbili. Mpaka mwezi Juni alikuwa bado hajaitwa arudi.

Lakini alikuja. Alikuja mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa ndani. Mdogo wangu alikuwa ameniagiza nisimfungulie mpaka wazee wakae kikao. Mara ya kwanza alibisha geti akaniita kwa upole, "Wifi, ni mimi." Nikasimama nyuma ya pazia nisijibu. Akangoja, akaondoka. Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa mvua ilikuwa inanyesha. Mara ya tatu alitundika mfuko wa plastiki kwenye geti, ndani yake karanga za kukaanga na sweta la mtoto, maana baridi ya Juni ya huku kwetu anaijua. Sweta nilimvalisha mtoto. Hakuuliza limetoka wapi, nami sikumwambia.

Mwezi Julai mdogo wangu alifungua maombi mahakamani ili apewe amri ya kukaa na watoto. Maombi ya namna hiyo huungwa mkono na viapo, na wakili alisema kiapo cha shangazi anayeishi na watoto kitakuwa na uzito. Karani wake, kijana mwenye adabu, alinikaribisha chai akaniuliza maswali huku akichapa. "Mama, tangu Machi mama yao watoto amewahi kuingia pale nyumbani?" Nikasema, "Hapana." Akachapa: Kwamba, tangu mwezi Machi mjibu maombi hajawahi kuingia katika nyumba wanamoishi watoto, na kwa kipindi chote hicho watoto wamekuwa chini ya uangalizi wangu na wa baba yao. Ilikuwa aya ya 6.

Ndugu msomaji, hebu isome tena aya hiyo. Utatafuta neno la uongo ndani yake na hutaliona.

Ili ueleweke uzito wake, inafaa kujua sheria inatazama nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaweka ustawi wa mtoto mbele ya mambo mengine yote. Matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao vinaangaliwa baada ya hapo. Sheria hiyo inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, ingawa ushahidi unaweza kuonyesha vinginevyo. Halafu inaitaka mahakama ikumbuke kwamba si vema kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inatanguliza maslahi ya mtoto. Mimi naziona ni sheria zenye busara. Lakini tazama jinsi aya yangu ilivyofanya kazi ndani yake. Kila wiki ambayo geti lilibaki limefungwa, watoto walizidi kuzoea kuishi bila mama, na mazoea hayo yakawa hoja ya baba. Mimi niliyefunga geti ndiye niliyeitwa kushuhudia kwamba hakuna aliyeingia.

Tulikwenda kuapa katika ofisi nyingine, kwa sababu wakili anayesimamia shauri haruhusiwi kuwa Kamishna wa Viapo katika shauri hilo hilo. Wapo watu wanaosaini nyumbani na karatasi ikapelekwa kupigwa muhuri peke yake, na huo nao ni uongo, maana hati inasema mtu ameapa mbele ya kamishna. Mimi sikufanya hivyo. Nilisimama, nikashika Biblia mkono wa kuume, nikaapa kwa sauti. Nilikuwa na amani kabisa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Washarika wengine huuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuapa hata kidogo, kwa kuwa Bwana wetu katika Mathayo 5 alitukataza, akataka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Wako Wakristo, kama Wamenno na Wakweka, ambao kwa sababu hiyo hawaapi, na sheria inampa nafasi mtu wa namna hiyo kuthibitisha bila kiapo. Sisi Walutheri tumelipokea tofauti. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 16, linakubali kwamba Mkristo anaweza kuapa mamlaka inapomtaka. Sina ugomvi na fundisho hilo. Ila sasa naona kwamba Bwana hakuwa anazungumzia Biblia kushikwa au kutoshikwa. Watu wa siku zile walikuwa na ustadi wa kupanga maneno ya kiapo ili kiapo kisiwafunge. Alikuwa anawazungumzia watu kama mimi na aya yangu ya 6.

Mwezi uliofuata ukaja kiapo kinzani cha wifi yangu. Kiliandikwa Kiswahili kama chetu. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na ninashukuru, kwa sababu kingekuwa kwa Kiingereza ningesomewa muhtasari nikapumzika. Hiki nilikisoma mwenyewe, neno kwa neno. Alitaja tarehe tatu. Aliandika kwamba alibisha, aliita, na safari ya pili aliona pazia likisogea. Aliandika pia habari za karanga na sweta. Hakunitukana popote. Aliniita "wifi yangu" ndani ya hati ya mahakama, mahali ambapo sisi tulikuwa tumemwita mjibu maombi.

Mdogo wangu akataka niape tena kukanusha. Nikamwambia, "Hapana, siwezi kuapa uongo." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Dada, mbona ya kwanza uliapa? Tofauti yake ni nini?"

Nilikwenda kulala na swali hilo. Nilijibu mengi kichwani: ya kwanza ilikuwa kweli, hii ingekuwa uongo, ya kwanza nilijibu nilichoulizwa, ya kwanza sikuiandika mimi. Kufika usiku wa manane yote yalikuwa yamekwisha. Mdogo wangu alikuwa amesema sawa. Aya ya 6 na uongo alioutaka sasa vilikuwa na kazi moja, kumfanya hakimu aone mama asiyejali. Kilichotofautiana ni kwamba katika aya ya 6 mimi nilibaki msafi machoni pangu.

Augustino wa Hippo aliandika kitabu kizima kuhusu uongo, yapata mwaka 395, na alipima jambo hili kwa moyo wa msemaji kabla ya kupima maneno yake. Anayesema jambo lisilo kweli huku akiamini kwa dhati kuwa ni kweli, amekosea lakini hajadanganya. Mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na lingine mdomoni, na nia ya kudanganya. Kwa kipimo hicho aya yangu haiponi.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa karibu zaidi kuliko Augustino. Kila mmoja wetu aliyepita darasa la kipaimara alikariri Katekisimo Ndogo ya Luther, na amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, haikuishia kwenye katazo. Luther alieleza kwamba tusimsingizie jirani wala kumchongea, kisha akaongeza kwamba tumtetee, tumnenee mema, na mambo yake tuyaeleze kwa namna iliyo njema zaidi. Nilikariri hayo nikiwa na miaka 14, nikasimama mbele ya usharika nikapata makofi. Wifi yangu alikuwa jirani yangu wa karibu kuliko wote. Nilijua amesafiri zaidi ya kilometa 300 mara tatu kuja kusimama kwenye geti. Hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua hilo kwa macho yake, na nilipoulizwa habari zake nikalinyamazia.

Hapo nikakumbuka wale wanawake wawili waliokwenda kwa Sulemani, katika 1 Wafalme 3. Huwa tunahubiri upanga na hekima ya mfalme. Kuna neno dogo tunaliruka. Yule mama alimweleza mfalme kwamba usiku ule hapakuwa na mtu mwingine nyumbani, ni wao wawili tu. Ndiyo maana mfalme alifikia hatua ya kuagiza upanga: neno la huyu dhidi ya neno la yule, bila shahidi. Katika nyumba yetu palikuwa na mtu wa tatu. Nilikuwepo. Shahidi akinyamaza, mtoto anarudishwa chini ya upanga, tena bila Sulemani kuwa na habari.

Naomba nisieleweke vibaya, maana maneno ya Luther yametumiwa vibaya makanisani mwetu. Kueleza mambo ya jirani kwa namna njema hakumaanishi kuficha kipigo. Nimeona wanawake wakiambiwa na wazee wa kanisa wamsitiri mume, wasiandike habari za kupigwa, ili ndoa ya Kikristo isidhalilike mahakamani. Kama mtoto anapigwa, analala njaa, au anachezewa na mtu wa ndani ya nyumba hiyo, kiapo kiseme waziwazi, kitaje siku, kitaje nani aliona, kiambatishe fomu ya polisi ya PF3 kama ipo. Kulinyamazia hilo kwa jina la upendo ni kushuhudia uongo dhidi ya mtoto, na mtoto naye ni jirani. Kosa langu halikuwa kwamba nilisema jambo baya juu ya wifi. Kama lingekuwepo la kweli linalowahusu watoto, lingestahili kusemwa. Kosa ni kwamba nilipunguza ukweli mpaka ukabaki kipande kinachotufaa sisi.

Ajabu ni kwamba kanuni za viapo zenyewe zingenisaidia kama ningezielewa. Kiapo hutakiwa kubeba mambo ambayo mwapaji anayajua mwenyewe. Katika maombi ya muda anaweza kueleza anayoyaamini, lakini aseme ni kwa msingi gani. Mwaka 1966, katika shauri la Matovu lililotoka Uganda, mahakama ilieleza kwamba kiapo kibebe habari za mambo yaliyotokea, kisibebe hoja, maombi wala hitimisho, na mahakama zetu zinaendelea kulirejea shauri hilo. Kusema "ni mama mbaya" si habari, ni hukumu, na hukumu ina mwenyewe. (Nimewahi kuwaza vikao vyetu vya akina mama vingekuwaje kama kila mmoja angelazimika kumtaja aliyemwambia kabla ya kusimulia. Nadhani tungemaliza saa nne asubuhi tukawahi kurudi nyumbani.) Kanuni hizo zinazuia mengi. Hazikunizuia mimi, kwa sababu zinapima kilichoandikwa, na kosa langu lilikuwa katika kisichoandikwa.

Nilikwenda kwa mchungaji. Sikwenda kuungama, nilikwenda kutafuta mtu wa kuniambia kwamba si jambo kubwa. Hakuniambia hivyo, wala hakunihubiria. Alivuta kiti kitupu akakiweka mbele yangu, akasema nisome kiapo changu kwa sauti kana kwamba wifi ameketi pale. Aya ya 1 mpaka ya 5 nilisoma vizuri: jina langu, undugu wetu, shule ya watoto, chakula chao, afya zao. Ya 6 sikuifikisha mwisho.

Nilipomrudia wakili alinisikiliza mpaka nikamaliza. Nilitegemea angekasirika. Alisema, "Mama, kama aya ile inapotosha, mimi siwezi kuitegemea mbele ya hakimu. Ningeomba ungeniambia mapema." Akaomba ruhusa ya mahakama, nikaapa kiapo cha nyongeza. Niliandika tarehe tatu. Niliandika kwamba nilikuwa ndani, kwamba nilimsikia, kwamba sikufungua, na kwamba niliagizwa. Niliandika sweta.

Halafu nikaomba aya nyingine iongezwe, na karani akashangaa. Nilitaka iandikwe kwamba mdogo wangu hajawahi kuchelewesha ada ya shule, kwamba jioni humwogesha mwanawe mwenyewe na kukaa na binti kwenye hesabu, na kwamba watoto wanampenda na hawamwogopi. Hayo nayo niliyaona kwa macho yangu. Ningekuwa nimegeuka kutoka kumpunja wifi nikaanza kumpunja ndugu yangu, ningekuwa nimehamisha kosa tu.

Haikunisaidia nyumbani. Mdogo wangu aliisoma ile aya inayomsifu akasema, "Unanipaka mafuta huku unanichoma." Mzee mmoja wa ukoo alinipigia simu kunikumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nilimjibu kwamba watoto ni damu, na mama yao ni damu yao, akakata simu. Nilihama nikaenda kupanga chumba. Miezi minne mdogo wangu hakunisalimu, hata tulipokutana mlangoni mwa kanisa. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nayasema kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba ukweli huleta amani, na mtu akienda kuapa akitegemea hivyo atayumba siku ya kwanza.

Afisa Ustawi wa Jamii alikwenda kuwaona watoto, akazungumza na binti peke yake. Mwisho wazazi walikubaliana mbele ya hakimu: muhula wa shule watoto wakae na mama, likizo waje kwa baba, na simu jioni za Jumapili. Sijui kama kiapo changu kilibadilisha jambo. Inawezekana yangekuwa hayo hayo.

Kiapo cha kwanza kiko kwenye jalada bado. Cha nyongeza hakikifuti, vimefungwa pamoja kwa uzi mmoja, na siku moja binti yule akiwa mtu mzima anaweza kwenda masijala akaomba kuvisoma. Atakuta jina la shangazi yake, na kwamba alikuwa Mkristo, mara mbili.

Wifi nilimpigia simu mwezi Novemba. Nilikuwa nimeandika pembeni ya kalenda maneno ya kumwomba radhi, nikayasoma yote, maana nilijua nikiacha kusoma nitaanza kujitetea. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilidhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Nimekusikia, wifi." Hakusema zaidi juu ya hilo, na sikumwuliza. Aliuliza kama lile sweta lilimtosha mtoto. Nikamwambia mikono ilikuwa mirefu kidogo, nilimkunjia.